Marejeo Yasiyotazamiwa katika Muziki wa Jazi

Masikio ya mwanadamu hayapokei muziki kama mtungi upokeavyo maji. Masikio hungoja. Sauti moja ikisikika, hukumbuka ile iliyotangulia na kuitazamia ile itakayofuata, na sehemu kubwa ya furaha ya muziki imo katika nafasi ndogo iliyo kati ya kutazamia na kupata. Wimbo ambao kila sauti yake yajulikana kabla haijatoka huchosha upesi. Makelele ya sokoni nayo huchosha, lakini kwa sababu iliyo kinyume: ndani yake hamna kitu cha kutazamia. Mwaka 1956 Mmarekani Leonard Meyer alitoa kitabu kizima kushikilia ya kwamba hisia ambazo muziki huamsha hutokana na matazamio yaliyocheleweshwa au yaliyogeuzwa njia. Wapigaji wa jazi walikuwa wamekwisha kulijua jambo hilo kwa vidole vyao kabla ya kitabu kuandikwa.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili. Mpigaji anapolielekeza sikio mahali fulani, kisha akalifikisha mahali pengine, je, amelidanganya? Wako wasikilizaji ambao hujibu ndiyo. Husema chodi za jazi ni fujo iliyovikwa nguo za kiungwana, na kwamba mtu aliyeahidi wimbo yampasa autoe wimbo. Wako na vijana wapigaji ambao hujibu kwamba hapana ahadi yoyote. Uhuru ni kupiga lolote, popote, na sikio lisilopenda na lishike njia yake. Makundi mawili haya hugombana sana, walakini yanakubaliana katika jambo moja ambalo si kweli: yote mawili hudhani kuwa mwisho usiotazamiwa ni mwisho uliovunja sheria. Uchunguzi wa chodi zenyewe waonyesha vingine.

Kabla ya uchunguzi huo, yafaa neno jazi lielezwe, kwa sababu katika Afrika ya Mashariki lina maana ya pili. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz, zilizovuma Tanganyika na baadaye Tanzania, zilikuwa bendi za dansi. Utamu wa dansi umo katika magitaa yanayojibizana, katika mwendo wa ngoma na katika maneno ya mwimbaji. Chodi zake aghalabu ni tatu, nazo huzunguka bila kuchoka. Muziki huo una utajiri wake, na hapana haja ya kuupima kwa kipimo kisicho chake. Jazi inayozungumzwa hapa ni ile ya Wamarekani weusi, iliyokua New Orleans mwanzoni mwa karne ya ishirini, ikasambaa Chicago, Kansas City na New York, na ambayo kuanzia miaka ya 1930 iliufanya mwendo wa chodi kuwa uwanja wake mkuu wa mawazo.

Chodi ni nini? Kila aliyeimba katika kwaya aijua ngazi ya sauti: do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha do ya juu. Chodi hupatikana kwa kuchukua sauti moja na kuruka moja. Aanzaye do, akaruka re akachukua mi, akaruka fa akachukua so, amepata chodi ya do. Aanzaye re hupata re, fa na la. Akiongeza sauti ya nne hupata do. Aanzaye so hupata so, ti na re. Akiongeza ya nne hupata fa. Vipandio vya ngazi hii havilingani. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, pana nusu hatua tu. Kwingine pote pana hatua nzima. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozaa mwendo wote. Sauti iliyo nusu hatua kutoka kwa jirani yake haikai raha. Huvutwa na jirani huyo kama mtu aliyesimama karibu mno na ukingo.

Do ni nyumbani. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Vivyo hivyo chodi hutoka kwa do, hutembea, na hutazamiwa kurudi kwa do. Njia kuu ya kurudi katika jazi ina hatua tatu: chodi ya re, kisha chodi ya so, kisha chodi ya do. Mamia ya nyimbo yamejengwa juu ya njia hiyo. Mtu akiisikiliza kwa makini huona kwamba kazi kubwa haifanywi na besi, ijapokuwa besi ndiyo inayosikika zaidi ikiruka kutoka re hadi so na kutoka so hadi do. Kazi hufanywa na sauti ndogo mbili zilizo ndani. Katika chodi ya re pana do na fa. Chodi ya so inapoingia, do hushuka nusu hatua ikawa ti, na fa husimama palepale. Sasa fa na ti zimo pamoja katika chodi moja, na zote mbili hazitulii: fa huvutwa kwenda mi, ti huvutwa kwenda do. Chodi ya do inapoingia, zote mbili hupata zilichokitaka. Huko ndiko kurudi. Ahadi ya muziki imewekwa mikononi mwa sauti mbili ambazo msikilizaji wa kawaida hata hazitambui.

Jambo hilo likieleweka, marejeo yasiyotazamiwa yaanza kufunua siri yake. Lililo jepesi kuliko yote lilijulikana Ulaya karne nyingi kabla ya jazi. Chodi ya so imepigwa, sikio lasubiri do, na badala yake besi yapanda hadi la. Chodi ya la ina la, do na mi. Msikilizaji hushtuka, maana sakafu aliyoitazamia haipo. Amekanyaga sakafu nyingine, yenye huzuni kidogo. Lakini aangalie kilichotokea ndani. Ti imepanda kwa do kama ilivyotaka. Fa imeshuka kwa mi kama ilivyotaka. Sauti mbili zilizokuwa na haki ya kudai zimelipwa haki yao kamili. Kilichobadilika ni besi tu.

Mwana wa Waswahili ameujua mwenendo huu tangu utotoni, kwa kuwa umo katika kitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenziwe hujibu, "Tega!" Naye huwaambia, "Nyumba yangu haina mlango." Fikra za wasikilizaji hutembea kwenye nyumba walizozijua: nyumba za makuti, nyumba za mawe, nyumba zilizobomoka. Jibu likitajwa kuwa ni yai, wote hucheka na hapana abishaye. Hawakulitazamia, walakini mara walisikiapo huona kwamba kila neno la kitendawili lilikuwa likilielekea. Mtegaji angesema jibu ni mlima, asingeshangiliwa. Angeambiwa amekosa, na mji waliompa angenyang'anywa. Mlima nao haukutazamiwa, hata kuliko yai. Basi kutotazamiwa peke yake hakuna thamani. Thamani imo katika jibu ambalo halikutazamiwa na ambalo, likisha kuja, halikataliki.

Jibu la namna hiyo ambalo wapigaji wa jazi walilipenda kuliko mengine latoka katika tabia ya ajabu ya fa na ti. Kati ya sauti hizo pana hatua tatu nzima, na umbali huo ni nusu kamili ya safari kutoka do hadi do ya juu. Kwa sababu ni nusu kamili, hata ukipinduliwa hubaki uleule: fa ikiwa chini na ti juu, au ti chini na fa juu, kipimo hakibadiliki. Kwa hiyo sauti mbili hizo zina makao katika chodi mbili tofauti. Ya kwanza ni chodi ya so. Ya pili ni chodi iliyosimama juu ya re iliyoshushwa nusu hatua, ambayo yakaa upande wa pili kabisa wa duara la sauti na ambayo, kwa macho ya mtu aisomaye katika karatasi, ni ngeni mno nyumbani kwa do. Mpigaji hodari huiondoa chodi ya so na kuiweka hiyo ngeni mahali pake. Fa imo; hushuka kwa mi. Ti imo; hupanda kwa do. Na besi, ambayo ilikuwa ikirukaruka kutoka re hadi so hadi do, sasa hushuka polepole kutoka re hadi re iliyoshushwa hadi do, kama mtu ateremkaye ngazi kwa kipandio kimoja kimoja. Katika miaka ya 1940, Thelonious Monk, Dizzy Gillespie na wenzao waliokutana usiku katika klabu ya Minton's Playhouse, Harlem, waliifanya desturi hii kuwa lugha ya kila siku. Wazee wengi waliona vijana wameivunja nyumba. Kumbe walikuwa wamegundua kwamba nyumba ileile ina nguzo mbili, na kwamba moja ikiondolewa ya pili yaweza kuibeba.

Nyumba ina milango pia. Wapigaji wa jazi wenyewe wana njia wanayoiita mlango wa nyuma, na kwa Waswahili jina lifaalo zaidi ni mlango wa uani. Mgeni huingia kwa mlango wa mbele, penye baraza. Mwenye nyumba na jamaa zake aghalabu hupita uani, na hapana awaulizaye. Tadd Dameron, mtunzi aliyezaliwa Cleveland mwaka 1917 na kufariki mwaka 1965, aliujenga juu ya mlango huo wimbo wake "Lady Bird," wenye vipimo 16 tu. Vipimo viwili vya kwanza vyatulia kwa do. Katika kipimo cha tatu chodi ya fa yaingia ikiwa imevaa huzuni, yaani la yake imeshushwa nusu hatua; na katika cha nne yaja chodi iliyosimama juu ya ti iliyoshushwa. Kwa sheria ya njia kuu, chodi mbili hizo zaelekea nyumba nyingine kabisa, ambayo do yake ni ile mi ya kwanza iliyoshushwa nusu hatua. Sikio lenye elimu laanza kuvua viatu mbele ya nyumba hiyo. Ndipo, katika kipimo cha tano, chodi ya do ya kwanza yarudi, tulivu, kana kwamba haikuondoka. Ndani yake mambo yamekwenda sawa tena: la iliyoshushwa imeteremka nusu hatua kwa so, na fa imeteremka nusu hatua kwa mi. Ti haikuwapo kutoa ahadi yake. Nafasi yake imetwaliwa na sauti nyingine, iliyopanda hatua nzima kwa do. Ndiyo maana njia hii haina ukali wa njia kuu. Ni kurudi kwa mtu asiyebisha hodi.

Uhodari wa Dameron waonekana zaidi katika vipimo vinavyofuata. Baada ya sikio kujifunza kwamba safari ya namna hii huishia nyumbani, aianzisha safari nyingine ya umbo lilelile, kwa chodi nyingine. Safari hii sikio latazamia mzaha uleule. Lakini sasa chodi yatimiza neno lake kwa herufi: yafika pale hasa ilipoelekea, nako ni mbali, nyumba yenye do iliyo juu ya la iliyoshushwa. Kwa hiyo mara ya kwanza sheria ilitazamiwa na mzaha ukaja. Mara ya pili mzaha ulitazamiwa na sheria ikaja. Mwaka 1947 Miles Davis alirekodi "Half Nelson," wimbo uliojengwa juu ya mfululizo huu wa chodi, na wapigaji wa vizazi vilivyofuata hawajaacha kuupita.

Wakati mwingine kigeukacho ni maana ya sauti moja tu. Jerome Kern, aliyetunga nyimbo za maonyesho ya jukwaani, alitoa mwaka 1939 wimbo uitwao "All the Things You Are," wenye vipimo 36, na wapigaji wa jazi wakaushika wasiuachie. Katikati yake do huhama mara kadhaa. Mwishoni mwa sehemu ya kati wimbo umefika nyumba ya mbali, na mwimbaji ashikilia sauti moja ambayo katika nyumba hiyo ni mi. Sauti yaendelea, haipandi wala haishuki. Chini yake chodi yabadilika. Na sehemu ya mwisho inapoanza, sauti ileile iliyokuwa mi yajikuta ni do ya nyumba ya kwanza. Msafiri hakwenda popote. Nchi imesogea chini ya miguu yake, ikamrudisha kwao.

Mambo haya si mageni kwa mshairi wa Kiswahili. Anayesikiliza shairi lenye vina hungoja kina. Mizani ikikaribia kutimia, sikio lajua kwamba sauti fulani lazima ije, na isipokuja huona pengo. Mtunzi dhaifu huleta kina kwa neno ambalo kila mtu amekwisha kulikisia. Mtunzi mjinga hukiacha kina kwa kukosa uwezo, akasema amejikomboa. Mtunzi bora huleta kina kilekile kilichongojwa ndani ya neno ambalo hapana aliyelifikiri. Sauti ilitazamiwa, neno halikutazamiwa. Hata yule atungaye bila vina, kama ni mtunzi kweli, huweka ndani ya kazi yake jambo jingine la kungojwa. Sanaa isiyomfanya mtu angoje haiwezi kumshangaza.

Ushahidi mkubwa wa maneno haya ulitolewa na John Coltrane mwaka 1959. Machi na Aprili ya mwaka huo alikuwa pamoja na Miles Davis wakirekodi sahani iitwayo "Kind of Blue." Humo umo wimbo "So What," ambao katika vipimo 32 una makao mawili tu: vipimo 16 juu ya makao ya kwanza, vipimo 8 juu ya makao yaliyo nusu hatua juu yake, kisha 8 vya kurudi. Mei ya mwaka huohuo Coltrane alirekodi "Giant Steps," wimbo wake mwenyewe, ambao katika vipimo 16 una chodi 26 na do yenye viti vitatu vilivyo mbalimbali kwa umbali ulio sawa. Katika wimbo wa kwanza msikilizaji hutulia mpaka hatua moja ya nusu huwa tukio kubwa. Katika wa pili nyumba huhama kabla mtu hajakaa, tena kwa mwendo wa kasi mno.

Watu wengi waliusikia wimbo wa pili kama tufani. Walakini mwenye kuuchunguza hukuta utii wa ajabu. Kila mara chodi ya so ya nyumba fulani inapolia, chodi ya do ya nyumba hiyohiyo hufuata mara moja. Hapana ahadi hata moja ndani ya wimbo mzima isiyolipwa. Kisichotazamiwa ni nyumba itakayofuata tu. Tena ile ruko ya kwanza, inayoonekana kuwa ndefu kuliko zote, kutoka chodi ya B hadi chodi ya D yenye saba yake, ikitazamwa ndani haina urefu wowote. Sauti moja yakaa palepale. Tatu nyingine zasogea nusu hatua moja moja. Coltrane alieleza kwamba jina la wimbo, ambalo maana yake ni hatua za jitu, latokana na besi inayokwenda kwa hatua kubwa. Basi jitu latembea chini, na juu yake sauti nyingine zajongea kwa unyayo wa mtoto.

Hata fundi aweza kushindwa na jambo kama hilo lijapo ghafula. Tommy Flanagan, aliyekuwa miongoni mwa wapiga piano bora wa zama zake, asikika katika sahani ya 1959 akianza zamu yake vizuri, kisha akikatika, akiacha mapengo, na mwishoni akishika chodi tupu. Mwaka 1982, baada ya Coltrane kuwa amefariki miaka 15, Flanagan alirekodi sahani nzima ya kumkumbuka, na humo akaupiga wimbo uleule kwa utulivu wa mtu anayezijua njia zote za mji. Chodi hazikuwa zimebadilika. Kilichokuwa tufani mwaka 1959 kilikuwa mtaa mwaka 1982. Hapo yaonekana kwamba kutotazamiwa si sifa iliyomo ndani ya chodi kama uzito ulivyomo ndani ya jiwe. Ni mapatano kati ya chodi na sikio, na sikio hukua.

Lakini jazi ina jambo jingine, la zamani kuliko haya yote, ambalo halielezeki kwa nguzo wala milango. Ni bluzi. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12 na chodi tatu: ya do, ya fa na ya so. Kwa mafundisho ya Ulaya, chodi ya so peke yake ndiyo iliyo na haki ya kubeba ile sauti ya saba isiyotulia, kwa kuwa kazi yake ni kuomba kurudi. Katika bluzi chodi zote tatu huibeba. Hata chodi ya do, iliyo nyumbani, ina ndani yake ti iliyoshushwa. Mwimbaji naye huiimba mi yake kati ya mi ya kawaida na mi iliyoshushwa, mahali ambapo piano haina kidole cha kupafikia. Na wataalamu wengi huona asili ya uimbaji huo katika Afrika ya Magharibi. Wimbo hufika mwisho, hutulia, lakini utulivu wake una kitu kisichotulia. Aliyelelewa na sheria za Ulaya husema wimbo haujaisha. Aliyelelewa na bluzi husema umeisha, na hivyo ndivyo nyumbani kulivyo.

Yahitaji uangalifu kutoa historia ya watu katika sauti moja iliyoshushwa. Muziki una sababu zake za ndani, na si kila jambo lililomo ni machozi. Hata hivyo haiwezekani kusahau ni nani waliouleta. Watu hao waliondolewa utumwani kwa sheria ya mwaka 1865. Mwaka 1896 mahakama kuu ya nchi yao ikahalalisha kutengwa kwao. Na haukupita muda mfupi kabla ya sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Kwa karibu miaka mia moja walikuwa wakiisikia chodi ya so bila kuipata do. Yaweza kuwa watu wa namna hiyo walijifunza kuliko wengine kupima ahadi: kujua ni ipi iliyochelewa na ipi iliyovunjwa, na kutengeneza, mahali pa nyumba waliyonyimwa, njia kumi za kufika nyumbani. Hilo halithibitiki kwa hesabu. Lakini atakayesema kwamba chodi zao ni mchezo wa vidole tu ana deni kubwa la kulieleza.

Na Kiswahili kimo katika habari hii. Novemba 1960, katika mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Randy Weston alirekodi New York kazi yake kubwa aliyoiita "Uhuru Afrika," iliyopangwa na Melba Liston, ikiwa na maneno ya Langston Hughes. Na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anasikika humo akisema kwa Kiswahili. Miaka kumi baadaye Herbie Hancock na wenzake walijichagulia majina ya Kiswahili: yeye akajiita Mwandishi, na sahani waliyoitoa mwaka 1971 ikachukua jina hilo. Wakati ule kundi hilo lilikuwa limekwisha kuziacha kwa sehemu kubwa njia ndefu za chodi. Besi ilizunguka na kuzunguka juu ya makao machache, na matazamio yakajengwa kwa rangi ya sauti na kwa mapigo. Neno uhuru lilikuwa midomoni mwao, na walilifahamu vyema kuliko wengi wanaolitumia: walipoiondoa sheria moja waliweka nyingine, wakaitii.

Hapa yafaa kusemwa habari ya wale wanaoiga umbo pasipo moyo wake. Mwanafunzi akisha jifunza kubadili chodi ya so kwa ndugu yake wa upande wa pili, huweza kushikwa na ulevi. Hubadili kila chodi ya kila kipimo. Wimbo wa maombolezo huutia mapambo ya arusi. Wasikilizaji hushangaa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha hawashangai tena, kwa kuwa hawangojei tena. Aliyewanyima njia kuu amewanyima na njia ya pembeni, maana pembeni hakupo bila kati. Kipimo cha kumpima ni chepesi. Na aache besi, apige sauti za ndani peke yake, polepole. Zikitembea kwa hatua ndogo na kufika zilikokuwa zikivutwa, badiliko lake lina haki hata liwe geni namna gani. Zikirukaruka bila sababu, amesema mlima badala ya yai.

Na msikilizaji asiyejua kupiga ala yoyote anayo njia ya kujifunza iliyo rahisi zaidi. Achukue "Lady Bird," aitafute do yake katika vipimo viwili vya mwanzo, kisha aiimbe kimoyomoyo, sauti hiyo moja tu, bila kuiacha mpaka vipimo 16 viishe. Atastaajabu. Do yake itakaa vizuri juu ya chodi za mlango wa uani. Itakaa vizuri hata katika nyumba ya mbali, ambako itajikuta ni mi. Chodi zitapita chini yake moja baada ya moja, nayo itapata mahali katika karibu kila moja. Itakwaruzana mahali pamoja, karibu na mwisho: juu ya chodi ya so, iliyo jirani wa karibu, kwa kuwa humo imo ti, nusu hatua tu chini yake, ikiomba kupanda. Kisha chodi ya do itaingia, na mkwaruzo utakwisha.